Uvimbe wa kichwani sio kansa, sasa kwa nini wanasita kuutoa wote?

Swali: Shikamoo dokta. Naandika kutoka Makorora, Tanga. Mama ana miaka 58, jicho lake la kulia lilianza kufifia mwaka jana, tukaambiwa mtoto wa jicho, tukanunua miwani mara mbili hakuna kitu. Mwisho kapigwa picha ya MRI, ripoti imeandika uvimbe unaoitwa meningioma ya theluthi ya ndani ya bawa la sfenoidi upande wa kulia, sentimita 3 na nusu, imeuzunguka mshipa wa karotidi kwa sehemu. Daktari kasema inaonekana sio kansa ila haahidi kuutoa wote. Mama mdogo alieko Bagamoyo anamjua mtu aliekua na meningioma kubwa kuliko hio, ikatolewa yote na wiki ya tatu yuko kwenye biashara yake ya samaki. Sielewi dokta, jina ni hilohilo na sio kansa, kwa nini kwa mama iwe ngumu? Na je zimesababisha zile sindano za miezi mitatu za uzazi wa mpango alizochoma miaka mingi? Jumatatu ijayo tunaenda Dar kumuona mpasuaji.

Jibu:

Marahaba mwanangu, na bi mkubwa nisalimie sana. Swali lako nimelirudia mara tatu kulisoma maana familia karibu zote ninazokaa nazo zinakwama hapohapo, wanasikia "sio kansa" wanashusha pumzi, dakika mbili baadae wanasikia "siahidi kuutoa wote" wanaona daktari anawazungusha. Hawazungushwi. Hayo ni majibu ya maswali mawili, moja linauliza uvimbe una tabia gani, jengine linauliza umekaa wapi, na kwa uvimbe wa sakafu ya fuvu hilo la pili mara nyingi ndo linaloamua mambo. Kwa hio ntakaa sana kwenye mahali, univumilie, ukishapaelewa pale ulipo uvimbe wa mama utaelewa na yule daktari alikua anasema nini.

Ubongo umefunikwa na tando tatu. Ya nje inaitwa dura, nene, ngumu kama ngozi ya ngoma, imeshikana na mfupa. Ya kati ni araknoidi, jina lake limetokana na buibui na kweli ukiiona ni utando wa buibui mtupu, nyembamba, inang'aa, chini yake kuna maji. Ya ndani imeganda kwenye ubongo wenyewe. Meningioma haianzii kwenye ubongo, inaanzia kwenye seli za ile araknoidi alafu inajishikiza kwenye dura na kukua taratibu, milimita chache kwa mwaka, inausukuma ubongo pembeni badala ya kuula. Jina hili alilitoa mpasuaji wa ubongo wa Marekani, Harvey Cushing, mwaka 1922, kabla ya hapo kila daktari alikua na jina lake. Ndo uvimbe wa kawaida kuliko wote unaoanzia ndani ya fuvu, zaidi ya theluthi moja ya vivimbe hivyo ni huu, na wanawake wanaupata kama mara mbili ya wanaume. Ushike hapo kwenye araknoidi, ntarudi, maana jibu lako kubwa limejificha humo.

Popote penye araknoidi meningioma inaweza kuota. Ikiota juu, kwenye paa la fuvu, mpasuaji anafungua mfupa na uvimbe uko palepale mbele yake, anautoa na dura ilipojishikiza, na kipande cha mfupa kama kimeguswa, anaweka kiraka, anafunga. Mtu anaetolewa uvimbe mkubwa na wiki ya tatu yuko sokoni mara nyingi ni wa namna hio. Wa sakafuni ni habari nyingine.

Wewe mtoto wa Makorora lazima shule ilishakupelekeni mapango ya Amboni. Kumbuka mle ndani, kuna mahali unasimama wima kama ukumbini, hatua kumi mbele unainama, kuna matundu madogo yanapenya mwamba kwenda chumba kingine, kuna popo darini, na anaewatembeza anajua kila tundu linatokea wapi. Sakafu ya fuvu ni hivohivo. Watu wanadhani ni bapa kama sahani, hapana, ni ngazi tatu zinazoshuka, ya mbele iko juu ndo ubongo wa mbele umekalia, ya kati iko chini kidogo, ya nyuma ndo yenye kina kabisa, na kila ngazi imetobolewa matundu, kila tundu lina mwenyewe, neva hii inatoka hapa, mshipa ule unaingia pale. Neva zinazotoka moja kwa moja kwenye ubongo ni jozi 12 na zote lazima zipite kwenye sakafu hii. Ndo maana ukiniambia mgonjwa anaumwa nini naweza kukisia uvimbe umesimama mlango gani hata kabla picha hazijafunguliwa.

Ngazi ya mbele katikati kuna mfupa wenye vitundu vidogovidogo kama chekecheo, neva za harufu zinapita hapo. Meningioma ya hapo inakua kubwa mno kabla mtu hajaenda hospitali, kwa sababu nani anaenda hospitali kwa kutosikia harufu ya mchuzi? Kinachowashtua watu ni tabia, baba aliekua makini anakua hajali, anacheka pasipochekesha, anajikojolea na wala haoni neno, na nyumbani wanaanza kusema kachezewa. Nshaona wagonjwa wamezungushwa kwa waganga miaka miwili kwa uvimbe ambao ni wa kutolewa. Nyuma yake kidogo, sentimita chache tu, kuna kinundu cha mfupa mbele ya kile kikalio cha tezi ya pituitari, hapo uvimbe wa ukubwa wa karanga unatosha kuharibu macho maana unazisukuma neva za kuona kutokea chini zinapokutana. Umeona? Ule mkubwa kama chungwa la Muheza macho mazima, huu mdogo kama karanga mtu haoni. Ukubwa wa uvimbe peke yake haukuambii kitu.

Ngazi ya nyuma ntaipita haraka kwa sababu haimhusu bi mkubwa. Kuna za ukuta wa mfupa wa sikio, zinaanza na masikio kuvuma na kutosikia au maumivu ya uso kama shoti ya umeme. Kuna za makutano ya mfupa wa sikio na ule mteremko wa katikati unaoitwa klivasi, hizo ni katika ngumu kuliko zote, zinasukuma shina la ubongo lenyewe na neva ya tano na ya sita. Na kuna za tundu kubwa la chini panapopita uti wa mgongo, wanaoumwa hizo wanatibiwa shingo na maumivu ya mifupa miezi na miezi huku mkono mmoja unalegea, alafu mguu, alafu upande wa pili.

Sasa ngazi ya kati, kwenu. Mfupa wa sfenoidi umekaa katikati ya fuvu kama popo aliekunjua mabawa, kiwiliwili katikati, bawa dogo na bawa kubwa kila upande. Ukingo wa bawa dogo ndo unaotenga ngazi ya mbele na ya kati, na tangu enzi za Cushing tunaugawa ukingo huo mafungu matatu, theluthi ya nje karibu na kipaji cha pembeni, ya kati, na ya ndani. Za nje zinatoka vizuri, isipokua aina moja ambayo haifanyi donge bali inatambaa kama ukoga na kuunenepesha mfupa mpaka jicho linasukumwa nje, hio ina kazi yake. Kadri unavosogea ndani ndo kazi inavozidi, na mwisho kabisa wa bawa, pale ndani, mfupa unaishia kwa ncha kama kidole kilichoelekezwa nyuma. Kidole hicho kinaitwa klinoidi ya mbele. Uvimbe wa mama umekaa hapo.

Chora kichwani mwako. Upande wa ndani wa kidole hicho kuna kishimo cha mfupa, kama bomba fupi, neva ya kuona inapita humo kutoka kwenye jicho kuingia kichwani, na bomba halitanuki, kikiingia kitu kidogo tu neva inabanwa. Chini yake na pembeni unapita mshipa wa karotidi, ule unaosikia ukidunda shingoni, ndo unapanda kuingia ndani ya fuvu kulisha karibu nusu ya ubongo. Wa kulia ukipasuka au kuziba, mkono na mguu wa kushoto ndo vinapooza. Pembeni chini zaidi kuna kavenasi sainasi, ni mfuko wa dura uliojaa damu ya vena na ndani yake karotidi hiyohiyo inapinda, pamoja na neva za kuzungusha jicho, ya tatu, ya nne na ya sita, na matawi mawili ya neva ya tano ya hisia za uso. Vyote hivi viko kwenye eneo dogo sana, unaliziba kwa kidole gumba. Mama jicho limefifia la kulia na uvimbe uko kulia, inaendana, na ndo maana miwani haikusaidia, lenzi haina shida, shida ni waya unaotoka nyuma ya jicho.

Turudi kwenye araknoidi. Karotidi ikitoboa dura kuingia ndani, kwa milimita moja au mbili za mwanzo inakua tupu, haijavalishwa araknoidi bado, baada ya hapo ndo araknoidi inaikumbatia kama soksi. Mwaka 1990 mpasuaji Ossama Al-Mefty aliandika kwamba meningioma za klinoidi zinazofanana kabisa kwenye picha ni za aina tatu kutegemea zimeanzia wapi. Ya kwanza imeanzia chini ya kile kidole, pale karotidi ilipo tupu, kwa hio uvimbe unakua umeganda kwenye ukuta wa mshipa wenyewe bila kitu chochote katikati, na unapanda na mshipa hadi kwenye matawi yake, ukiuvuta unavuta mshipa. Ya pili imeanzia juu au pembeni ya kidole, inaweza ikauzunguka mshipa wote kama kanga, lakini soksi ya araknoidi ipo katikati, mpasuaji mwenye subira anaufuata ule utando na kumenya. Ya tatu imeanzia mdomoni mwa lile bomba la neva ya kuona, inakua ndogo maana jicho linalalamika mapema, kwenye mshipa ina utando ila kwenye neva mara nyingine hauna.

Fikiria dafu na nazi. Dafu nyama yake unaikomba kwa kijiko inatoka safi, kifuu kinabaki kinang'aa. Nazi iliyokomaa imeshika kifuu, utahangaika na kisu, na ukilazimisha kifuu kinavunjika. Kwa nje tunda ni lilelile. Na hapa kifuu chenyewe ni karotidi.

Ndo maana daktari hakuahidi, kwa sababu picha inaonesha uvimbe umeuzunguka mshipa lakini haioneshi kwa uhakika kama utando upo katikati, hilo anaenda kuligundua mle ndani chini ya darubini. Mpasuaji anaeahidi kutoa wote kabla hajafika pale mimi ningemuuliza maswali zaidi, sio machache. Anaesema "nitatoa kila kinachotoka salama, ganda la kwenye mshipa nikiona limeshika ntaliacha" huyo anajua anachoenda kukikuta.

Sasa tabia ya uvimbe. Hapa nisahihishe kitu kimoja kwa upole, aliposema inaonekana sio kansa hilo neno inaonekana ni la muhimu, kwa sababu gredi ya kweli, yaani kiwango cha ukali wake, inatoka maabara baada ya kipande kuangaliwa kwenye hadubini. Shirika la Afya Duniani linazigawa meningioma gredi 1, 2 na 3, na kwenye mgawanyo wake wa mwaka 2021 kuna aina 15 za sura za seli. Kama 8 katika kila 10 ni gredi 1, zinakua polepole na hazisambai. Mtaalamu wa maabara anahesabu seli zinazojigawa kwenye maeneo 10 ya hadubini, zikiwa 4 hadi 19 ni gredi 2, zikifika 20 ni gredi 3, na uvimbe ukiingia ndani ya ubongo nao unakua gredi 2 hata kama mengine yametulia. Siku hizi wanaangalia na vinasaba, kuna mabadiliko ya jeni liitwalo TERT, au kupotea kwa jengine liitwalo CDKN2A, ukikuta hayo ni gredi 3 moja kwa moja hata seli ziwe na sura ya upole. Habari njema kwenu ni kwamba za sakafuni, hasa za mbele na katikati, mara nyingi ni gredi 1. Kwa hio kwa mama matumaini yangu kuhusu tabia ni makubwa, wasiwasi wangu ni anwani.

Na kuacha kipande sio sawa na kufeli. Mwaka 1957 daktari Donald Simpson alipanga matokeo ya upasuaji kwa madaraja kulingana na kilichobaki, waliotolewa uvimbe pamoja na dura na mfupa wake ulirudi kwa asilimia 9, waliotolewa uvimbe wote na dura ikachomwa tu asilimia 19, ambao dura haikuguswa asilimia 29. Watu wakisoma namba hizi wanataka daraja la kwanza kwa kila mtu. Lakini dura ya kavenasi sainasi hauwezi kuikata ukaitupa, jicho litalala na uso utakufa ganzi, na wapasuaji walipojaribu kuwa wakali huko wagonjwa wengi walitoka na majeraha ambayo uvimbe wenyewe ungechukua miaka mingi kuyaleta. Kwa hio kazi ya kwanza kwa bi mkubwa ni kuiokoa neva ya kuona, kusaga kile kidole cha mfupa, kufungua dari la lile bomba, kupunguza uvimbe mpaka neva ipumue. Kinachobaki kinaangaliwa kwa MRI baada ya miezi kadhaa, alafu kila mwaka, na kikionesha kukua kuna mionzi. Mionzi ya dozi moja kubwa haifai ikiwa uvimbe umegusana na neva ya kuona, neva haivumilii, hapo wanatoa kidogokidogo kila siku kwa wiki 5 au 6. Ukisikia jina la Ocean Road, ile hospitali ya kansa ya Dar, kwenye mazungumzo usizimie ukadhani wamewaficha kansa, mionzi inatumika hata kwa uvimbe usio kansa.

Kitu ambacho hakisubiri ni jicho. Neva iliyobanwa muda mfupi inaweza kurudisha kuona, iliyokufa hairudi. Hebu fanyeni hivi leo, chukua kanga nyekundu, mama afumbe jicho la kulia aitazame kwa la kushoto, alafu abadilishe. Nyekundu ikiwa imepauka kwa jicho la kulia muiandike na tarehe, mrudie kila siku mbili. Ikizidi kupauka ndani ya siku chache, au jicho la kushoto nalo likianza, au kope ikidondoka, au akianza kutapika na kuumwa kichwa alfajiri, au akipata degedege, msisubiri Jumatatu, nendeni hospitali ya Bombo hapo Tanga muda huohuo waanze nae na wapige simu Dar.

Kuhusu sindano. Nakujibu kama utafiti unavosema, sio kwa kukutisha. Seli nyingi za meningioma zina vipokezi vya homoni ya projesteroni, ndo maana zingine zinakua kwa kasi wakati wa ujauzito. Mwaka 2024 watafiti wa Ufaransa walichapisha kwenye jarida la BMJ kwamba wanawake waliotumia sindano ya medroksiprojesteroni, ambayo ndo hio ya miezi mitatu, kwa mwaka mmoja au zaidi walikua na uwezekano kama mara 5 zaidi wa kufikia kupasuliwa meningioma. Mara 5 inasikika kubwa, lakini ni mara 5 ya kitu ambacho ni nadra, wanawake wengi sana wamechoma miaka na hawana chochote, na hakuna anaeweza kumwangalia mama akasema kwa hakika ni sindano. Asijilaumu hata kidogo, alikua anapanga uzazi wake kama alivoshauriwa. Ila mwambieni mpasuaji amechoma miaka mingapi na aliacha lini, na kama anatumia dawa yoyote ya homoni sasa. Na wewe mwenyewe, au dada zako, kama mnatumia sindano hio msiache kienyeji mkajikuta na mimba msiyoitarajia, kaeni na nesi muongelee njia nyingine.

Jumatatu mkiingia kwa mpasuaji muulizeni uvimbe umeingia kwenye bomba la neva ya kuona au umeishia mlangoni, karotidi imezungukwa robo, nusu au yote, na je imebanwa ikawa nyembamba, kavenasi sainasi imeingiwa au imesukumwa tu, na ubongo wa jirani una maji ya uvimbe au umetulia. Muulizeni na yeye binafsi kesi za klinoidi kafanya ngapi, ni swali la haki na mtu anaejiamini hakasiriki. Kabla ya hapo mama apimwe uwanja wa kuona kwa kila jicho, ile ya mashine unabonyeza ukiona taa, bila hio baada ya upasuaji hakuna wa kusema kama amepata nafuu au la. Kama ana sukari muitaje mapema maana dawa ya kupunguza uvimbe wa ubongo, deksamethasoni, inaipandisha sana. Aspirini au dawa yoyote ya kulainisha damu wajue, na msiiache wenyewe bila kuambiwa.

Na mbebe CD ya picha zenyewe, sio karatasi ya ripoti peke yake, nimepokea wagonjwa wengi wamesafiri kutoka mikoani na karatasi tu, picha zimebaki kwenye kabati nyumbani, siku nzima ikapotea. Kama kuna picha ya CT ya mifupa ya fuvu nayo ije, ntafurahi ukiniandikia wamesema nini kuhusu lile bomba.